Shangazi wa Mabati

Tangu mume wangu ahamishiwe Lodwar nimekuwa nikioka keki, na katika miaka hiyo nimetengeneza Biblia, mbuzi, kofia za mahafali, na moyo mmoja ambao bwana harusi alisema unafanana na figo. Ndege sikuwahi kuombwa, hadi mwalimu mmoja wa fizikia kule Kakuma aliponipigia simu.

Wala hakutaka ndege yoyote tu. Alitaka Ju 52, ndege ya zamani ya Wajerumani, yenye injini tatu, moja puani na moja kwenye kila bawa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ilibeba abiria waliovaa tai, na vita vilipokuja ikabeba askari. Alinitumia picha zake nyingi kuliko nilizo nazo za watoto wangu. Nilipozitazama vizuri niliona kitu ninachokifahamu: mwili mzima ulikuwa wa bati lenye mikunjo, kama vibanda vya sokoni kwetu.

"Keki ni ya nani, mwalimu?" nilimuuliza.

"Ya mke wangu. Anafikisha miaka arobaini."

"Mama anapenda ndege?"

"Atapenda. Nimekuwa nikimwelezea tangu tuoane."

Ningeweza kumshauri maua. Nimeolewa muda mrefu na najua mwanamke wa miaka arobaini hangojei injini tatu. Lakini mteja alikuwa na furaha, nami nilikuwa na unga, basi nikakubali.

Mikunjo ya bati niliichora kwa kitana kipya. Mabawa niliyashikilia kwa vijiti vya mishikaki, na injini nikazifanya kwa biskuti. Rangi ya fedha sikuipata Lodwar yote, hivyo nikachanganya nyeusi kwenye nyeupe, ikatoka rangi ya saruji. Nilimtumia mwalimu picha. Alijibu kwamba madirisha yako karibu karibu mno, kisha akaongeza kwamba amefurahi sana.

Hakuna dereva wa gari la abiria aliyekubali kuipakia, kwa hiyo nilikodi gari dogo na kuketi nyuma na sanduku langu, nimelifunika leso zilizoloweshwa maji. Dereva alinihakikishia kuwa kiyoyozi kinafanya kazi. Kilifanya kazi kweli, ila kilichopuliza kilikuwa upepo wa nje, tena ule wa mchana.

Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari aliinama dirishani, akatusalimu kwa Kiturkana, "Ejok," kisha akauliza sanduku lina nini.

"Ndege," nikasema.

"Ndege gani? Kuku ama mbuni? Mbuni ni mali ya serikali."

"Ya Wajerumani."

Alitafakari jibu hilo, kisha akaniomba nifungue. Aliitazama kwa heshima zote, hata akavua kofia, nadhani kwa ajili ya joto.

"Na inaruka?"

"Inayeyuka, afande."

Akatupisha mara moja. Ni mara ya pekee maishani mwangu askari kunionea huruma.

Tulipofika Kakuma, mwalimu alikuwa getini ameshika simu yenye picha. Alikuwa mtu mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri kama la siku ya mtihani. Niliweka sanduku mezani uani, chini ya turubai, nikafunua. Alitazama simu, akatazama keki, akarudi kwenye simu.

"Injini ya kushoto imeteremka," alisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba.

"Ni barabara, mwalimu."

Mke wake alitoka ndani akifuta mikono, dada zake wawili wakimfuata. Dada hao walikuwa wamekuja kutoka Kataboi, kando ya ziwa, na beseni la samaki wakavu. Mke wa mwalimu alikuwa mama mnene, mtulivu, muuza vitambaa sokoni. Aliizunguka meza polepole.

"Hii ni nini?"

"Ni Ju 52," mwalimu alisema, na sauti yake ikapanda. Alieleza jinsi mikunjo inavyolipa bati nguvu bila kuliongezea uzito, na kwamba magurudumu yake hayakukunjwa yakiwa angani. "Wajerumani wenyewe walikuwa wakiiita Shangazi. Kwa mapenzi."

"Shangazi," mke alirudia.

"Kwa mapenzi," mwalimu alisema tena, mara hii taratibu zaidi.

"Mimi nilikuomba mabati ya paa la jikoni. Tangu mvua ile. Sasa umeniletea ya keki."

Dada zake walicheka hadi mmoja akaketi chini. Mwalimu hakucheka. Alitazama keki yake, na wakati huohuo bawa la kushoto likaanza kushuka, polepole, bila kelele, hadi ncha ikagusa sahani.

Hapo mke alimwangalia mumewe usoni kwa muda. Akachukua kisu.

"Abiria walikuwa wanakaa wapi?"

"Hapa," mwalimu alionyesha. "Kuanzia hapa mpaka hapa."

Mke alikata pale, akawapa dada zake na majirani waliokuwa wamefika.

"Na rubani?"

"Hapo juu, nyuma ya injini ya pua. Walikuwa wawili, bega kwa bega."

Alikata kipande hicho, akamlisha mumewe kwa mkono mbele ya watu wote. Mwalimu alikitafuna huku akiendelea kueleza jambo kuhusu usukani, na hakuna aliyemsikia vizuri.

"Tamu," dada mkubwa alisema. "Lakini iko na mchanga kidogo."

Baadaye nilimsaidia mama kuosha sahani. Jikoni palikuwa na tundu paani ambalo jua lilipitia kama tochi. Nilimuuliza kama amekasirika.

"Nikasirike na nini? Jirani yangu bwana yake anapenda pombe. Huyu wangu anapenda ndege za watu waliokufa zamani." Alisuuza kisu. "Hajawahi kuchelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya ndege. Na kwa keki hii alinifikiria, hata kama alijifikiria yeye kwanza."

Nilipokuwa nikipanga vyombo vyangu, dada zake walikuwa wakijiandaa kuondoka kwenda Kataboi. Kilichobaki cha Ju 52 kilikuwa mkia na sehemu ya bawa la kulia. Walikifunga kwa karatasi, wakakiweka kwenye beseni la samaki, kwa sababu chombo kingine hakikuwepo. Wiki iliyofuata mama alinipigia kuniagiza keki ya kanisani, ya mviringo, ya kawaida, na akanieleza kwamba mkia ulifika kwao ukinuka samaki, na watoto waliumaliza hivyo hivyo.