Mufalme Mwenye Kichwa ya Shu

Hii hadisi inanionesha mujinga, nakubali mbele muanze kucheka. Lakini muache nimalize, juu siku ile hakuna mutu aliniacha nimalize.

Sisi vijana wa parokia, huku Nguba, tulikuwa tunafanya teatre ya ule mufalme wa Ufaransa mwenye raia walikata kichwa. Mwalimu akanichagua mimi. Nilisoma primere tu, shule ya musingi, nikamuuliza, "Mwalimu, juu ya nini mimi?" Akasema mufalme ule alipenda kutengeneza kadenasi, zile kufuli za mulango, na funguo zake, kupita kutawala. Ile ndiyo kazi yangu, pale kando ya barabara. Nikamupenda papo hapo. Fundi mwenzangu!

Na nilikuwa na sababu ingine. Papa wa muchumba wangu alitoka Walungu kuja kuniangalia, akakaa mu ukumbi. Watu walimuambia niko mutu wa michezo na kuchekesha tu. Asiponipenda, mambo ya ng'ombe za mahari inakufa pale pale. Nikaapa: leo hakuna mutu atanicheka.

Nikaingia na koti ya pazia na taji. Ukumbi muzima: "Ee fundi, kadenasi yangu iko wapi?" Hata malkia, bibi yangu wa teatre, akachekea mu mukono. Nikakaza sura. Ndiyo wakaongeza kucheka.

Ikafika saa ya kufa. Mwalimu alitufundisha kama mufalme alitaka kuongea na raia, wakapiga ngoma sauti yake isisikike. Hotuba ile nilijifunza mbele ya kioo mpaka mama akachoka. Ngoma ingengoja kwanza niseme kidogo. Lakini mupiga ngoma wa korali akaanza nikiwa kwa "Raia wangu". Nikamukazia macho. Akafikiri namupa moyo, akapiga na nguvu zote! Kisu ya kartoni ikashuka, shu moja, ni kusema kabichi, ikaanguka mu kitunga, eti ndiyo kichwa yangu, mimi wakanifunika na kitenge. Watu wakacheka mpaka machozi.

Hasira ikanipanda. Nikatupa kitenge, nikasimama: "Munyamaze! Sijamaliza kusema!"

"Yesu, amefufuka!" maman mumoja akapiga kelele.

Inje, papa wa muchumba alinikuta na taji mu mukono. Yeye hakucheka.

"Papa, ile ngoma ndiyo..."

"Kijana, mukuje na ng'ombe," akasema. "Lakini siku ile wakubwa wenu ndio watasema. Weye ukae sawa na ile shu mu kitunga."