Kona ya Mihogo

Leo nimevuliwa kipaza sauti mbele ya kamera, na nilistahili.

Msichana mmoja anatengeneza filamu kuhusu wanawake waliosahauliwa katika historia ya barabara yetu ya Nchelenge, hapa Zambia. Alianza na mimi, eti mzee wa vitabu. (Ndiyo, nilivaa koti.)

Nikaeleza kwamba barabara inapinda karibu na kwetu kwa sababu mhandisi aliogopa matope.

Jirani yangu, bibi tunayemwita Ba Mama Bupe, alikuwa pembeni akimenya mihogo. Akacheka.

"Tata, wewe ulikuwa bado kule Kongo! Ule mutu alitaka kufukia kidimbwi chetu cha kulowekea mihogo. Tukakaa mbele ya katapila siku mbili, batoto mugongoni. Akapindisha!"

"Mama, rudia hayo," msichana akasema, akanivua kipaza sauti na kukibana kwenye kitenge cha bibi.

Tukaenda kuona. Kidimbwi kipo, na mihogo yake imo.

Miaka yote nimekula ugali wa kidimbwi hicho, huku nikimsifu mhandisi.

Kwenye filamu mtaniona: ni yule aliyembebea Ba Mama Bupe kigoda chake.

Jamani, kona ya kwenu ilipindishwa na nani? Waulizeni mama zenu kwanza.