Shimo la Tisa, Ng'ambo ya Mto Mkavu

Oili kuukuu ya gari ikimwagwa juu ya mchanga wenye joto hutoa harufu ambayo siwezi kuifananisha na nyingine. Juzi fundi mmoja alikuwa akinibadilishia oili kando ya barabara ya Mombasa, akaimwaga ile chafu pale pale chini. Kabla sijamkemea nikawa tayari nina miaka kumi na miwili, nimeshika fimbo ya gofu, na namchukia binamu yangu Mueni kwa moyo wangu wote.

Niwaeleze. Ng'ambo ya reli, nje kidogo ya mji wa Makindu, palikuwa na uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Msifikirie zile nyasi mnazoona kwenye televisheni. Nyasi zetu zilikuwa kijani wiki chache baada ya mvua, halafu mbuzi wakazimaliza. Na pale penye shimo lenyewe, ambapo viwanja vya matajiri vina majani laini kama zulia, sisi tulikuwa na duara la mchanga uliomwagiwa oili ya magari ili upepo usiupeperushe. Tuliliita brauni. Kabla ya kusukuma mpira wako uliburuta gunia juu ya mchanga kuusawazisha, ukarudi nyumbani na viatu vyeusi, na mama akakugombeza kana kwamba si yeye aliyekupeleka.

Babu yangu alikuwa mtu wa reli, na klabu hiyo iliwaruhusu watoto wa wafanyakazi wa reli kucheza. Ndivyo mama yangu, Mbithe, na dada yake mkubwa, Aunti Katunge, walivyojifunza gofu wakiwa wasichana. Hata walipokuwa walimu, mmoja Makindu na mwingine Matinyani, walikutana pale kila likizo, wakacheza na kucheka mpaka wazee wa klabu wakawaomba wanyamaze. Hayo nilisimuliwa tu. Mimi nakumbuka ya baadaye, baada ya kifo cha Susu, nyanya yetu.

Susu aliishi upande wa Mutomo. Tumbo lilimshika, likafura, na daktari akasema utumbo umejifunga, lazima apasuliwe siku hiyo hiyo. Mama ndiye aliyekuwa naye. Susu aliogopa kisu kuliko alivyoogopa kufa, na mama wakati huo alikuwa mtu wa maombi. Akamtoa hospitalini akampeleka kanisani, waumini wakamzunguka wakimwekea mikono. Susu alifia pale kwenye mkeka, chini ya mimbari, nyimbo zikiendelea.

Siku ya mazishi Aunti Katunge alimnyang'anya pasta maikrofoni. "Mama yetu hakufa," alisema mbele ya ukoo mzima. "Ameuawa. Na aliyemuua ameketi pale mbele, amevaa kitambaa cheupe."

Watu waligeuza shingo kutafuta kitambaa cheupe. Tangu siku hiyo mama na dada yake hawakuambiana hata neno.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa nyumba yetu ilivyokuwa likizo ile ya Agosti, klabu ilipotangaza mechi za watoto, na majina yakapangwa, na langu likaangukia la Mueni, mtoto wa Aunti Katunge. Mama angeweza kuniondoa. Badala yake aliniita jikoni. Alikuwa anachagua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na pale pale kwenye uteo akaanza kunipangia uwanja kwa punje.

"Hili shimo la kwanza ni refu lakini halina ubaya," alisema. "Piga katikati. La pili, vichuguu viko kushoto, kwa hiyo unapita kulia, hata kama kulia ni mbali. La tatu ni fupi na upepo unatoka vilima vya Chyulu unakupiga usoni. Chukua fimbo kubwa kuliko ile roho yako inakuambia."

Aliendelea hivyo, kidole chake kikisukuma punje moja baada ya nyingine. La tano lilienda sambamba na reli, na mpira ukivuka waya umepotea. Pale, alisema, nicheze kama mwoga na nisione haya. La saba lilikuwa na mteremko uliodanganya macho. Alipofika la tisa alichora mstari kwa ukucha kukata uteo.

"Huu ni mto mkavu. Brauni iko ng'ambo. Hapa unapiga mara tatu. Ya kwanza mpaka kwenye ule mgunga uliochomeka. Ya pili fupi, mpaka ukingoni. Ya tatu ndiyo unavuka."

"Na kama ya kwanza imeenda mbali sana, Mami, si naweza kuvuka na ya pili?"

Aliinua kichwa. "Ndinda, nimesema ngapi?"

"Tatu."

"Basi ni tatu."

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Katika mchezo huu, mpira wa mwenzako ukiwa umebaki karibu kabisa na shimo, unaweza kumwambia auokote, ukauhesabu kuwa umeingia. Kwetu tuliita kumsamehe. Mama aliangalia mlangoni kama vile kuna mtu anasikiliza. "Usimsamehe hata mmoja," alisema. "Na usingoje wakusamehe."

Asubuhi ya mechi joto lilikuwa limeanza mapema. Mueni alikuwa mrefu kuliko mimi, ana glovu mpya nyeupe na kofia inayofanana na ya mama yake. Tulishikana mikono kama watu wanaoshika waya wa stima. Aunti Katunge alikuwa nyuma yake, mama nyuma yangu, na kati yao katibu wa klabu, mzee mpole aliyevaa tai siku hiyo na nadhani aliijutia.

Mueni alicheza kama alivyofundishwa, yaani kwa hasira. Kila mpira aliupiga kana kwamba umemtukana. La kwanza alilichukua. La pili alipiga moja kwa moja juu ya vichuguu kufupisha njia, mpira ukatumbukia kwenye tundu, na alipoingiza mkono kuutafuta mchwa askari wakamkaribisha. Alipiga mayowe. Mimi nilipita kulia, polepole, nikalichukua shimo, na nisiwafiche, mayowe yale yalinifurahisha kuliko shimo lenyewe. La tatu akanishinda. La tano mpira wake uligonga chuma cha reli, ukalia ting, ukaruka kuelekea Mombasa.

Kwenye la sita mpira wangu ulisimama urefu wa kiganja kutoka kwenye shimo. Mtu yeyote angeusamehe. Nilimtazama Mueni, naye akatazama vilima.

"Ingiza," alisema.

Nikaingiza. Kwenye la saba mpira wake ulibaki karibu zaidi, nami nikatazama vilima.

Kwenye la nane Mueni akapita mbele ya mpira wangu, akakanyaga njia yake kwenye mchanga, na akazungusha kisigino taratibu kama anayezima sigara.

"Katunge," mama alisema. "Mwambie mtoto wako atoe mguu."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia dada yake tangu mazishi. Katibu alilegeza tai.

"Gunia liko hapo," Aunti Katunge alijibu bila kumtazama. "Asawazishe. Ama mtamwita pasta aje alainishe?"

Mama aliburuta gunia mwenyewe. Aliliburuta kwa haraka, na mchanga ukatoka na mawimbi, nami nikakosa.

Tulifika la tisa tukiwa sare, kila mmoja amechukua mashimo sawa na mwenzake. Watu walikuwa wametoka kwenye nyumba ya klabu na soda zao wakasimama kivulini. Mueni alianza vibaya, mpira ukaingia kwenye miiba, na pigo lake la pili lilimfikisha tu ukingoni mwa mto, upande wetu. Mimi nilipiga mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Ulipita mgunga uliochomeka, ukadunda kwenye ardhi ngumu, ukaendelea kwenda. Nilipoufikia, mto ulikuwa mbele yangu, mpana, mchanga wake unameta, mawe na miiba katikati, na ng'ambo bendera ndogo imelala.

Nikifuata mpango wa mama, tungekuwa ukingoni wote wawili, kila mmoja amepiga mara mbili, mambo yaanze upya. Nikivuka, nimemaliza kazi.

"Fimbo fupi, Ndinda," mama alisema.

"Mbona anasita?" Aunti Katunge alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kivulini. "Kwani hao si watu wa miujiza? Watu wazima mnawaombea, lakini mpira mnaogopa?"

Watu wawili watatu walicheka. Nilirudisha fimbo fupi, nikachomoa ile ndefu, na mama akasema jina langu mara moja tu, chini chini.

Niliupiga. Ulipanda vizuri, kisha ukaanza kushuka mapema, mapema sana, na nilijua haufiki. Uligonga jiwe kwenye ukingo wa ng'ambo. Ungeweza kurudi chini. Uliruka mbele, ukabingirika, ukasimama katikati ya brauni.

Kelele za kivulini ziliniingia kichwani kama pombe. Mueni alijaribu kuvuka na pigo lake la tatu, akaishia mchangani, akapiga tena na tena huku vumbi likimfunika. Hata hivyo hakunisamehe. Nilisukuma mpaka mpira ukalia ndani ya kopo, kisha nikakimbia kwa mama.

Hakuwa anapiga makofi. Alinipokonya fimbo.

"Nilikuambia nini?"

"Lakini imevuka, Mami!"

"Nimeona imevuka. Nimekuuliza nilikuambia nini."

Aunti Katunge alicheka. "Angalieni. Hata kushinda kunamkasirisha."

Mama alinishika mkono tukaondoka. Kikombe cha mshindi kilibaki juu ya meza, katibu akituita. Tulivuka reli, vidole vyake vikiniuma, nami nikahamisha chuki yangu yote kutoka kwa Mueni hadi kwake. Niliamini anamwogopa dada yake. Niliamini amenionea wivu. Mtoto akitafuta sababu haendi mbali. Fimbo zilipanda juu ya kabati na hakuna aliyeziteremsha.

Mwaka huu mama amekuwa mgonjwa. Uvimbe tumboni, na moyo uliochoka. Daktari alinieleza wazi: tukimpasua anaweza asiamke, tukimwacha anaweza kuendelea miezi mingi au asiendelee. Alisema hajui, kisha akanitazama. Nikasema apasuliwe. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, na sikujua chochote.

Aliamka. Jamaa walinisifu kwa akili, kwa ujasiri, kwa elimu yangu. Nilikuwa nawasikiliza nikiwaza kwamba kama moyo wake ungesimama mezani, kwa neno langu lile lile ningelaaniwa. Na kama Susu angeketi pale mkekani akaomba uji, Aunti Katunge angekuwa wa kwanza kusimama kanisani kutoa ushuhuda. Uamuzi ungekuwa ule ule, bahati tu ndiyo ingebadilika. Mama alilijua hilo siku ile nilipokuwa narukaruka kwenye ukingo wa mto, na hakuwa na namna ya kumweleza mtoto.

Aunti Katunge hakuja hospitalini. Alituma ujumbe kwenye simu yangu: "Nasikia safari hii mmeenda kwa daktari." Nilitaka kuufuta, lakini mama alikuwa ameona jina. Aliusoma, akanirudishia simu.

"Mami," nilimwambia, "siku ile ya mechi, ulikasirika kwa sababu sikukutii?"

Alilaza mikono juu ya blanketi.

"Mpira wako ulipokuwa juu," alisema, "niliomba uanguke mtoni. Niliomba kweli kweli, Ndinda, macho nimefunga. Nilikuwa sijaomba kitu tangu tumzike mama."

Akageukia ukutani, akajivutia blanketi.

"Hilo pia sikupewa."