Mildred wa Ngoma Ndogo

Simpendi Mildred, na naanza na hilo ili mtu asije akadhani nasimulia haya kwa mapenzi. Ni mwanamke mrefu wa Kisumu, ameishi Guangzhou, China, miaka mingi kuliko wengi wetu, ananunua jinzi kule Guangyuan Xilu na kuzituma Nairobi, na mdomo wake hauna breki. Nimemwona akimganda laoban mmoja, bosi mwenye duka, akimwambia kuwa mshono wa suruali zake ni wa mtu aliyeshona huku anasinzia, mpaka yule Mchina akamtajia bei ya kweli ili tu aondoke mlangoni. Wachukuzi wa marobota wakimwona anakuja wanabadilisha njia.

Jumapili Mildred anapiga ngoma. Si za kwao wala si za kwetu Zanzibar. Anapiga taiko, ngoma za Kijapani, zile za kupigwa kwa fimbo mbili huku mtu amepanua miguu na kushuka magoti kama anasukuma gari lililokwama. Aliyetufundisha ni Bi Kazuyo, mke wa mhandisi wa kiwanda cha vipuri vya magari. Alianza na wake wa Kijapani wenzake, na wao waliporudi kwao mmoja mmoja, akakubali yeyote atakayekuja. Tukaja sisi: Wakenya, Watanzania, wanafunzi wawili wa Kichina, na Mkongo mmoja aliyehudhuria akijisikia. Mimi nauza baibui na mitandio. Nilikwenda kwa sababu wiki nzima nabishana bei na watu, na nilitaka mahali pa kupiga kitu bila kushitakiwa.

Hakuna aliyelipwa pale. Bi Kazuyo alifundisha bure, na Mildred, msaidizi wake, alifanya kazi bure. Ndiyo maana hatukuwa na dawa ya mdomo wa Mildred. Mtu asiyelipwa utamfukuzaje kazi?

Tulifanyia mazoezi katika stoo ya Abdulwakil, Mzanzibari mwenzangu, wakala wa kusafirisha makontena kutoka bandari ya Nansha, ambaye naye alikuwa mpigaji kama sisi. Ngoma za kweli zilikuwa mbili tu, kubwa moja na ndogo moja, zote za Bi Kazuyo. Wengine tulipiga matairi ya gari yaliyozungushiwa tepu ya kufungia mizigo mpaka yakakaza kama ngozi. Kama kuna kitu sisi wafanyabiashara wa mji huu tunakijua, ni kufunga kitu kwa tepu, kwa hiyo matairi yetu yalilia vizuri sana.

Ngoma kubwa ndiyo iliyotamaniwa na kila mtu. Inakaa katikati, mazoezini tukiipokezana kwa zamu, na anayeipiga huipiga peke yake wakati wengine wamenyamaza, isipokuwa ngoma ndogo. Ngoma ndogo inakaa pembeni na haimpi mtu sifa yoyote. Kazi yake ni pigo moja lile lile, ta-ka, ta-ka, tangu mwanzo hadi mwisho, ili wengine wasipotee njia. Hapo ndipo Mildred alipokaa kila Jumapili. Tuliamini alipapenda kwa sababu kutoka pembe ile alituona sote, na hakuna atakayeponyoka matusi yake.

Na alitutukana kwelikweli. Fiona, binti wa Eldoret aliyekuwa mpole kupita kiasi, aliambiwa anapiga kama anafukuza kuku jikoni. Mimi niliambiwa mikono yangu ni ya kupakua mchuzi. Mkongo aliambiwa arudi siku atakapopata masikio. Tukichelewa tulikuta ameshafagia stoo yote, na ule ufagio ameuegemeza mlangoni ili kila anayeingia aupite kwa aibu. Wanawake wawili walitoka pale wanalia na hawakurudi. Bi Kazuyo alikuwa akitabasamu na kupanga fimbo zake, hasemi neno, na mimi nilimlaumu kimoyomoyo kwa kutuachia simba ndani ya zizi.

Kisha mume wa Bi Kazuyo akaitwa nyumbani na kampuni yake. Siku ya kuagana Bi Kazuyo alituachia ngoma zake zote mbili, akazichukua fimbo nene za ngoma kubwa, akazitia mikononi mwa Mildred mbele yetu sote, na akasema kwa kile Kichina tulichokuwa tukikivunja pamoja kwamba mara itakayofuata kikundi kikitoka mbele za watu, ngoma kubwa ataipiga Mildred. Mildred alizishika zile fimbo kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Tulisikia sote. Nalisema hili kwa sababu baadaye wengi walijifanya hawakusikia.

Haukupita muda ikaja karamu ya mwaka ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, ya mchana, katika ukumbi wa hoteli. Abdulwakil ndiye aliyetutafutia nafasi. Abdulwakil ni mtu wa watu. Anajua jina la mama yako na bei ya kiwanja chako, na anaweza kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka ukamshukuru. Akaanza kutupitia mmoja mmoja. Alisema mgeni rasmi atakuwepo, na wateja wake wakubwa pia, na sura ya kikundi ni ngoma kubwa. Je, tunataka sura yetu iwe Mildred?

Jumapili iliyofuata alisimama katikati ya stoo, akasema kwa adabu nyingi kwamba kikundi ni cha wote na ni vizuri watu wachague. Nani anataka ngoma kubwa ipigwe na yeye Abdulwakil? Mikono ikapanda. Wangu ulipanda pia, tena wa kwanza, na sijaujutia. Nilikuwa nimechoka kuitwa mpakua mchuzi.

Mildred alitutazama uso kwa uso, kila mmoja kwa zamu yake. Nilingoja matusi, nikajikaza kuyapokea.

"Na ngoma ndogo atakaa nani?" akauliza.

"Wewe, dada," Abdulwakil akasema. "Si ndiyo uliyoizoea?"

"Sawa."

Akamkabidhi fimbo nene, akarudi pembeni, akakaa. Mazoezi yote yaliyobaki hakumtukana mtu. Watu walifurahi wakasema amekubali yaishe. Mimi ukimya ule ulinitia baridi, lakini nami nilinyamaza, kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Abdulwakil aliipiga ngoma kubwa kama aliyezaliwa nayo. Akikimbia, muziki ulikimbia naye. Akichelewa kidogo ili ajishaue, muziki ulimsubiri. Fiona alisema ana kipaji, nasi tukaitikia.

Siku ya karamu ukumbi ulijaa. Tulivaa fulana nyeusi na kanga kiunoni. Tukaanza sote pamoja, tukatulia, Abdulwakil akabaki peke yake katikati na Mildred pembeni yake, ta-ka, ta-ka. Mwanzo ulikuwa mzuri. Watu wakatoa simu zao kurekodi. Kisha Abdulwakil akanogewa, akaanza kukimbia kama alivyozoea.

Mildred hakukimbia naye.

Ngoma ndogo ilibaki pale pale, mwendo ule ule, wala haikupanda wala haikushuka. Abdulwakil akajikuta mbele peke yake. Akageuza shingo kumtazama. Akajaribu kurudi nyuma, akapitiliza, sasa akawa amechelewa, na lile pigo dogo likawa linamwanika kila mara linapolia. Hata mtu asiyejua ngoma alisikia kwamba kitu kimevunjika na nani amekivunja. Fimbo moja ilimtoka ikaruka hadi chini ya meza ya mgeni rasmi. Mtu mmoja akacheka, kisha meza nzima. Mildred aliendelea, ta-ka, ta-ka, macho mbele, mpaka sisi wengine tukaingia kwa hofu na kuumaliza wimbo vyovyote tulivyoweza.

Kwenye korido ya jikoni Abdulwakil alimfuata, jasho linamtiririka. Akamwambia amemmaliza makusudi mbele ya wateja wake, na kwamba ana roho ya kichawi.

Mildred alikuwa anafunga ngoma yake kwa kitambaa, na hakuacha kuifunga.

"Kuna pigo nililokosea? Litaje."

Abdulwakil akajifuta uso kwa fulana yake.

"Nimekubeba miaka minne," Mildred akasema. "Kila Jumapili. Ukikimbia nakimbia na wewe, ukilala nakungoja, ndio usisikie vile unapiga vibaya. Bi Kazuyo aliniomba. Alisema mtu anakuja bure, akiaibika hatarudi. Leo sijakuangusha, Abdulwakil. Nimekushusha tu."

Kisha akatugeukia sisi tuliosimama pale na sahani zetu za pilau.

"Na hata nyinyi pia nimewabeba. Wote."

Niliichukia sauti ile kuliko matusi yote aliyowahi kunitukana. Nilikwenda nyumbani na hasira yangu, na ndani yake kulikuwa na jambo lililokataa kuondoka: kwamba mdomo wake ulitutukana miaka yote ile huku mikono yake inatusitiri, na sisi tulisikia mdomo tu.

Abdulwakil alitangaza kwamba stoo imejaa mzigo na haina tena nafasi ya ngoma. Fiona hakurudi, wala Mkongo, wala wengine. Tulibaki wanne: Mildred, mimi, na wale wanafunzi wawili wa Kichina, ambao nadhani hawakuelewa ugomvi wenyewe. Tulikwenda kuitoa ngoma kubwa chini ya macho ya Abdulwakil, ambaye hakutupa hata salamu, tukaifunga juu ya kitoroli cha marobota na kuisukuma hadi kwenye maegesho chini ya daraja la magari. Mlinzi akaja kuuliza hiyo ni ngoma ya wapi. Mildred akamjibu ya Afrika, kwa sababu ukisema ya Japani katika mji huu maswali huwa mengi, na mlinzi akaturuhusu tupige kidogo, mradi tusiharibu magari ya watu.

Tukaisimamisha juu ya kiti chake cha mbao. Nikazichukua zile fimbo nene nikampa. Sikumwomba radhi na sikuwa na nia ya kumwomba.

"Chukua, Da Mildred. Ni zako. Tulisikia sote."

Nilidhani atazitupa.

"Unanipa kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki."

"Ndiyo," nikasema.

Nadhani jibu lile lilimridhisha. Alizichukua, akavua viatu, akasimama mbele ya ngoma kubwa na kupanua miguu. Akanionyesha ngoma ndogo kwa kidevu, nikaenda nikakaa mahali pake. Kwa mara ya kwanza niliona alichokuwa akikiona: migongo ya watu, viwiko, mahali kila mmoja anapoanza kuchoka.

Nikaanza, ta-ka, ta-ka. Mildred akainua mikono, akapiga.

Pigo la kwanza lilitikisa kifua changu. La pili pia. Nikajiambia, basi, huyu ndiye aliyestahili, na sasa atatunyanyasa mpaka tufe. Kisha akaingia katika ile sehemu ndefu, mikono ikitakiwa kufunguka na kwenda kwa raha yake, na haikufunguka. Ilikuwa ikipiga kwa kubana, karibu karibu, kama bado iko juu ya ngoma ndogo. Akachelewa. Akajaribu kunyoosha, akakimbia. Mwanafunzi mmoja akainamisha uso. Miaka yote ile tuliyomwona amekaa pembeni, hakuna hata Jumapili moja aliyosimama pale katikati akajifunza, kwa sababu tulikuwa wengi wa kubebwa na alikuwa mmoja wa kutubeba.

Nilisikia kila kosa lake. Nami pale nilipo ningeweza kumfuata, nikimbie anapokimbia, nimngoje anapolala, na wanafunzi wale wasijue lolote. Nilitaka. Wallahi simpendi, na nilitaka. Nikaharakisha kidogo, nikampita. Nikapunguza, nikambana zaidi. Sikujua inavyofanywa. Hatukuwahi kumuuliza, maana hatukujua kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Mildred akaacha kupiga. Mikono ilikuwa imeshuka, fimbo zinagusa mapaja yake, na alibaki anaitazama ngozi ile kubwa. Juu yetu magari yalipita. Hakugeuka kunitazama, na nilishukuru hakugeuka.

"Usijaribu kunibeba," akasema. "Hujui."

Akainua tena mikono.

"Piga."

Nikapiga.