Mtoto Aliyeombwa Mahameni

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, nilijua mambo mawili kuhusu mji wa mawe uliokuwa ubavuni mwa mlima, juu ya kijiji chetu huko Iringa: kwamba pale hapaokotwi kitu, na kwamba wenyewe hawajaondoka. Tuliuita Mahame tu, kama watu wanavyoita mahali popote palipohamwa. Nani aliujenga, hakuna aliyejua. Wazee wetu, ambao waliweza kukutajia mababu mpaka ukasinzia, walisema nao waliukuta hivyo hivyo: kuta za mawe zisizo na udongo wala chokaa, zinazomfika mtu kiunoni, vichochoro vinavyopanda mlima kama ngazi, na ndani ya nyumba nyingine mafiga bado yamekaa mahali pake. Hayo mafiga ndiyo yaliyonitisha kuliko kuta. Niliona kama mwenye jiko ametoka kidogo kuchuma mboga.

Aliyenipeleka huko mara ya kwanza ni Shangazi Semeni, dada yake baba. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Shangazi alikuwa ameolewa na Petro, mzee wa kanisa, mtu mpole anayeongea kwa sauti ya chini kana kwamba muda wote kuna mgonjwa ndani. Walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto. Petro hakumsema kwa hilo. Aliyemsema ni mama yake Petro, Bibi Sekalinga, naye alimsema bila kumtaja. Akimwaga pumba uani alikuwa akiita kuku wake kwa sauti, "Njoni nyie mnaotaga! Njoni nyie mle!" Shangazi alikuwa pale pale, anatwanga.

Siku moja Bibi Sekalinga alimwita pembeni. Mimi nilikuwa nimeketi karibu napukuchua mahindi, na mtoto wa kike anayepukuchua mahindi watu wazima hawamwoni.

"Nenda Mahameni," alimwambia. "Fagia nyumba moja, uwashe moto kwenye mafiga yao, ukae mpaka jua lipinduke. Uwaombe. Wale watu wanapenda watoto. Lakini ukipata, lazima waonyeshwe. Wasipoonyeshwa watakuja kumtazama wenyewe."

"Na kanisani je, mama?"

"Kanisani wamekupa nini?"

Tukaenda, mimi na Shangazi, msimu wa mahindi mabichi. Nilipanda nimeshika nguo yake. Tulipofika kwenye uwazi uliokuwa lango, Shangazi alisimama, akapiga magoti kidogo kama anaingia ukweni, akasalimia, "Kamwene!" Mlima ukamrudishia sauti yake. Nilitaka kukimbia. Yeye akacheka. Sikuwa nimemsikia Shangazi akicheka kwa muda mrefu, na kicheko kile kilinitoa hofu kuliko maneno yoyote.

Alichagua nyumba yenye mwangaza. Alifagia majani na mavi ya pelele, wale wanyama wadogo wa majabalini, akawasha moto, tukachoma mahindi tuliyokwenda nayo. Kisha akafuta mikono, akasema na zile kuta kama anavyosema mtu na jirani. "Sina maneno mengi. Naomba mtoto. Awe yeyote, mimi sichagui." Baada ya hapo tulikaa. Palikuwa na mjusi juu ya jiwe, na upepo, na bonde lote chini yetu likiwa kijani. Hakuna kingine kilichotokea pale. Nasema hili kwa sababu baadaye watu wengi ambao hawakuwapo walisimulia mengine.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoanza, Shangazi alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa mzima, anayenyonya kwa nguvu, isipokuwa juu ya paji la uso alikuwa na kishungi cha nywele nyeupe, nyeupe kabisa, kana kwamba mtu amempaka unga. Wanawake waliokuja kumwona walikatisha vigelegele. Bibi Sekalinga alimshika yule mtoto, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Wamemtia alama. Huyu bado ni wao."

Neno likashuka kijijini. Watu wakaacha kuja kumwona mtoto. Jirani mmoja alirudisha ungo aliokuwa ameazima, akauacha nje ya mlango bila kubisha. Mchungaji, aliyekuwa akitufikia kwa baiskeli mara moja moja, alikuja akabatiza watoto wengine. Petro hakumpeleka wake. Alisema tungoje.

Shangazi alikimbilia kwetu, mtoto mgongoni. Nakumbuka alivyokataa kiti, akakaa chini karibu na moto.

"Kaka, wanataka nimpandishe mlimani. Ni mchanga mno. Niombee kwao wangoje joto lirudi."

Baba yangu alikuwa mtu niliyempenda sana. Alichochea moto muda mrefu.

"Mpeleke mara moja tu, Semeni, watu wanyamaze. Akishaonyeshwa, nani atasema tena?"

"Kwani wewe unayaamini haya?"

"Mimi naishi na majirani," alisema baba.

Walikwenda alfajiri ya siku iliyofuata. Nami nilichukuliwa nionyeshe nyumba tuliyokaa, kwa kuwa Shangazi alikataa kuitaja. Ulikuwa ukungu ule wa kwetu unaolowesha nyusi. Alikuwapo Bibi Sekalinga, Petro, baba, na wazee wa pande zote mbili. Niliwaonyesha. Bibi Sekalinga akamtoa mtoto mgongoni kwa mama yake, akamvua nguo zote.

"Wanamtazama alivyozaliwa," alisema, akamlaza chali kwenye sakafu ya mawe kati ya mafiga.

Moto hawakuwasha. Moto, walisema, ni wa kuomba, si wa kuonyesha. Bibi akaanza kusema na wenye mji, akawashukuru, akawataja na mababu wa ukoo wa Petro, mmoja baada ya mwingine, naye alikuwa na kumbukumbu nzuri sana. Mtoto alilia kwa nguvu, halafu akalia kidogo, halafu akawa anatetemesha kidevu bila sauti. Shangazi akapiga hatua. Petro alimshika mkono, akamwambia kwa ile sauti yake ya chini, "Bado kidogo, mama." Nilimtazama baba ili aseme neno. Baba alikuwa ametazama bondeni, na bonde halikuonekana kwa ukungu.

Usiku ule mtoto alianza kukohoa. Mbavu zake zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Shangazi alitaka wampeleke hospitali mjini Iringa, hata kwa kudandia lori la mbao, lakini Bibi Sekalinga alisema wenyewe wamekwisha kumwona, watamwachia au hawatamwachia. Kabla ya Jumapili hakuwapo tena. Kwa kuwa hakubatizwa, hawakumzika na Wakristo wengine. Bibi Sekalinga alilia kuliko wote, na mpaka leo naamini alilia kweli. Kisha kijiji kikatulia. Watu wakawa wanamsalimia Shangazi kwa upole mkubwa, wakimwambia wenye mji walichukua cha kwao, asijisumbue moyo.

Yeye hakubishana na mtu. Mvua zilipoanza alifunga mzigo wake akaondoka kwa Petro, akafika Igawa, akawa anauza wali na maandazi kwa wasafiri wa barabarani. Hakuolewa tena.

Mimi nilisomea uuguzi. Katika wodi ya watoto niliona mbavu zile zile zikiingia ndani, nikajifunza jina la ugonjwa, nikajifunza pia kwamba kuna watoto wanaozaliwa na kishungi cheupe na hakiwadhuru kitu. Nilikwenda Igawa kumwambia Shangazi. Nilidhani nampelekea habari. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Kwani wewe ulidhani sikujua?"

Baba naye alipozeeka aliniuliza jioni moja, "Wale watu wa Mahameni walikuwa na nguvu, eti?" Niliona alivyotaka niitikie. Ingenigharimu neno moja tu. Nikamwekea uji wake karibu, nikamwambia anywe kabla haujapoa.

Nimepanda tena Mahameni nikiwa mtu mzima, na wageni waliotaka kuona kuta za kale. Wakaniuliza kama ni kweli watu wa kwetu wanapaogopa. Nikawajibu kwamba sisi tulifika pale kuomba, na siku tuliyoomba tulipokewa vizuri. Sina ugomvi na wenye mji ule. Hao hawakunena kitu, si siku ya kwanza wala ya pili. Habari za watu wetu sikuwasimulia wageni. Sikuwasimulia kwamba asubuhi ile ya ukungu Petro, Bibi Sekalinga, baba yangu na wazee wote waliosimama kumzunguka yule mtoto walikuwa wamejifunika mablanketi mpaka shingoni.