Doa Kwenye Wayo wa Nabangala

Nabangala alikuwa fundi cherehani wa Kawempe, Mbukusu aliyevuka mpaka wa Malaba akiwa msichana, akaolewa na Ongom, polisi Mwacholi. Nyumbani walizungumza Kiswahili, kwani hawakuwa na lugha nyingine waliyoimudu wote wawili. Ongom alikwisha kustaafu mwaka ule doa jeusi lilipotokea kwenye wayo wa kulia wa mkewe, mguu wenyewe wa kukanyagia cherehani. Nabangala alidhani ni mafuta ya mashine. Akalisugua kwa jiwe mwezi mzima. Likavimba, likatoa damu, likawa kidonda kisichofunga.

Hospitalini walikikata, lakini baada ya miezi minane mitoki ikamtoka kinenani, mikubwa kama viazi. Kansa ya ngozi ilikuwa imepanda. Daktari Adyero, mama mtaratibu asiyependa kuficha jambo, akamweleza kuhusu utafiti wa dawa mpya.

"Ni protini iliyoundwa maabara," akasema. "Haiui kansa yenyewe. Mwili wako una seli za kuua uvimbe, ila uvimbe umezilaza. Protini hii inakwenda kuziamsha."

Ongom, aliyekaa kando na kofia magotini, akauliza, "Na zikishaamka, Daktari, nani anaziamrisha? Mimi nimekuwa askari miaka thelathini. Kikosi kikikosa amri hupiga hata raia."

"Umeuliza vyema, mzee. Hatari yake ndiyo hiyo. Zinaweza kushambulia utumbo, ini, hata mapafu. Chochote kikibadilika, mje siku hiyo hiyo."

Nabangala akatia saini. Kila baada ya wiki tatu alitundikiwa dripu. Baada ya ile ya tatu mitoki ikaanza kunywea. Alikuwa akiipapasa kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Ndipo tumbo likamchafuka. Aliharisha mara sita kwa siku, akanyamaza, akijua wakigundua watamtoa kwenye utafiti. Alimwambia mumewe ni maharagwe.

Siku ya nne Ongom alirudi kutoka sokoni akamkuta ameegemea mlango wa choo, midomo imemkauka.

"Mama Rosebella, haya ni maharagwe gani?"

"Wataninyima dawa, Baba Rosebella."

"Wakikunyima nitakuwa na mke mgonjwa. Ukinyamaza sitakuwa na mke." Akaita bodaboda, akaketi nyuma yake kumshikilia asianguke.

Daktari Adyero hakumgombeza. Alimlaza, akampa dawa za kutuliza zile seli, kisha akamwambia neno aliloliogopa: dripu zimekwisha. Nabangala alilia mchana kutwa, uso ameuelekeza ukutani.

Lakini mitoki haikuacha kunywea. Miezi mitatu baadaye picha zilionyesha imebaki kama punje za njugu. Mwaka uliofuata haikuonekana kabisa.

"Seli zikishaamka, pengine huendelea na kazi bila kusukumwa," Adyero alimweleza. "Wenzako wengine hawakujaliwa hivyo. Sisemi umepona. Nasema hatuioni."

Nabangala akaridhika na hilo. Januari alishona sare za shule, sketi arobaini na mbili, akikanyaga kwa mguu wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulipunguzwa nyama. Mishono ya kwanza ilipinda. Akaifumua, akaanza upya.