Ushuhuda wa Darasa la Mazingira

Mtaala mpya ulipoletwa chuoni kwetu, katikati ya jiji, tuliambiwa hakuna atakayehitimu bila kufaulu somo la wajibu wa kila mtu kwa mazingira. Sikuwa na neno. Mchana nilikuwa nikipokea wageni katika ofisi moja Hurlingham, jioni nikisomea biashara, na nilikuwa nimebakiza muhula mmoja tu. Mama yangu huko Kakamega alikuwa ameshashona nguo ya kuja kuniona nikivaa joho. Kwaya nzima ya kanisa lake ilijua.

Mhadhiri hakutaka insha. Alitaka kila mmoja asimame mbele, aeleze alivyokuwa akiharibu mazingira na alivyobadilika, kisha apewe alama. Sasa waambie hivyo watu waliolelewa kanisani! Nusu ya darasa tulitoka magharibi mwa nchi, wengi wa waliobaki walitoka Machakos na Kitui, na ushuhuda tuliujua tangu shule ya Jumapili. Mwenzetu mmoja, fundi wa umeme, alianza na "Bwana asifiwe," nasi tukaitikia "Amina." Akatubu kuacha taa zikiwaka. Mwingine alitubu chupa za maji, akalia machozi kabisa. Makofi yakapigwa, alama zikamwagwa.

Mimi nilikuwa nikichemka. Naishi Kangemi, chumba kimoja. Maji niliyofulia nguo ndiyo ninayopigia deki, kisha ndiyo yanayoenda chooni. Nguo ikichakaa inakuwa tambara. Nitubu nini? Na lililoniudhi zaidi ni madirisha. Darasa letu, ghorofani, lilitazama ua wa nyuma, na kila jioni, kwa amri ya chuo chenyewe, sahani na vikombe vya plastiki vya kantini vilichomwa humo ndani ya pipa. Moshi wake ulikuwa mweusi, wa kukaba koo. Kwa hiyo madirisha yalifungwa, nasi tukatubu taa na chupa huku jasho likitutoka.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Daktari, mimi sina la kutubu."

"Haiwezekani, mama. Kila mtu ako na kitu yake. Hata kama ni kidogo."

"Basi nitatoa ushuhuda wa mwingine."

Nikaenda dirishani, nikalifungua wazi. Moshi uliingia, darasa zima likaanza kukohoa.

"Aki funga hiyo dirisha, mathe, unatuua!" fundi wa umeme alipiga kelele.

Nikamjibu kwamba anayewaua yuko chini, na nikamwomba mhadhiri amwite mwenye pipa aje naye atubu, nitampigia makofi mimi mwenyewe. Mhadhiri alijifunika pua kwa tai, akafunga dirisha.

"Hapa tunaongea juu ya mtu binafsi," alisema, bila hata kukasirika. "Hiyo ingine ni ya wakubwa."

Akaniambia nirudie somo. Nilipompigia mama simu kumweleza, aliuliza, "Sasa mwanangu, si ungetubu tu?" Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia wote waliomfanya aulize hivyo, na mpaka leo sijapoa.

Muhula uliofuata nilirudi. Habari za moshi zilikuwa zimewafikia wakubwa, nao walichukua hatua: walilihamishia darasa la mazingira upande wa barabarani, ambako moshi haufiki. Eti mageuzi! Mhadhiri alinitambua, akatabasamu.

"Haya mama, tuanze na wewe."

Nilifikiria ile nguo iliyokunjwa sandukuni Kakamega. Nikasimama mbele ya watu wasionijua, nikasema Bwana asifiwe. Nikatubu kwamba zamani kila jioni nilikuwa nikichoma plastiki ndani ya pipa, katikati ya jiji, watu wakisoma juu yangu, na kwamba sasa nimeacha. Waliitikia "Amina" kwa nguvu. Mhadhiri aliinamisha kichwa, akanipa alama zote bila kunitazama usoni.

Nikielekea nyumbani nilipitia ule ua wa nyuma. Pipa lilikuwa likiwaka.